Kwa Nini Gari Huchemka? Uchunguzi Mmoja katika Njia ya Misafara ya Tabora

Msomaji aliyewahi kusafiri kwa gari kuukuu katika nyika iliyo kati ya Manyoni na Tabora bila shaka anakumbuka tukio la namna hii. Gari linajikokota katika mchanga. Mshale wa geji ya joto unapanda polepole, kisha kwa haraka. Mara sauti ya kuchemka inasikika, mvuke mweupe unatoka chini ya boneti, na dereva anasimama chini ya mti. Abiria wanashuka na kila mmoja anatoa maoni yake. Huyu asema maji yamekwisha, yule asema pampu imekufa, wa tatu asema injini imechoka na dawa yake ni kununua nyingine.

Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba kuchemka kwa gari si fumbo, na wala si jambo la kubahatisha. Ni swali la fizikia ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulijibu, mradi afuate utaratibu. Tutatumia kisa kimoja cha kweli, ambamo mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea.

Nyika yenye kiu

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilianzia Bagamoyo, ikapitia Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na nyika iliyoogopwa sana kwa ukosefu wa maji, nayo iliitwa Mgunda Mkali. Burton na Speke waliipita mwaka 1857 kabla ya kuingia Kazeh mwezi wa Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, waliijua vizuri kuliko mgeni yeyote. Waliondoka alfajiri, wakapumzika jua lilipokuwa kali, na mwendo wao ulipangwa kwa kufuata visima.

Wapagazi hao walikuwa na sababu nzuri, ijapokuwa hawakuieleza kwa lugha ya fizikia. Mwili wa binadamu afanyaye kazi hugeuza sehemu ndogo tu ya nishati ya chakula, yapata robo, kuwa kazi. Sehemu iliyobaki huwa joto, na joto hilo lazima liondoke. Hutolewa hasa kwa jasho: kila lita moja ya jasho inayokauka juu ya ngozi huchukua karibu megajuli 2.4 za joto. Mpagazi aliyekosa maji hakuwa na njia ya kutoa joto lake, naye aliweza kufa.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi ikafifia. Lakini sheria ya joto haikubadilika. Gari linalopita katika nyika ile leo lina tatizo lile lile alilokuwa nalo mpagazi: lifanye kazi, na papo hapo litupe joto linalozidi.

Joto linatoka wapi, nalo ni kiasi gani?

Tuchukue gari la Land Rover la miaka ya 1970 lenye injini ya petroli. Tuseme linakwenda kilometa 40 kwa saa katika barabara mbaya, nalo linatumia lita moja kwa kila kilometa 5. Kwa hiyo hutumia lita 8 kwa saa. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu megajuli 32. Basi kwa saa moja injini hupokea megajuli 256, yaani takriban kilowati 71.

Nishati hiyo hugawanyika. Yapata robo hulisukuma gari. Zaidi ya theluthi hutoka kwa njia ya ekzosi na kwa joto la chuma chenyewe. Theluthi moja hivi huingia katika maji yanayozunguka silinda. Theluthi ya kilowati 71 ni karibu kilowati 24. Joto hilo latosha kuichemsha lita moja ya maji ya kawaida, hapa Tabora, kwa muda wa sekunde 12 au 13.

Sasa mwanafunzi na afikiri: mfumo wa maji wa gari kama hili una lita 10 hivi. Maji yakiwa nyuzi 85, na utoaji wa joto ukasimama ghafula, itachukua dakika moja tu au pungufu maji na chuma chake vifikie nyuzi 96. Ndiyo maana geji ya joto haimpi dereva nafasi ya kusinzia.

Kazi ya kuondoa kilowati 24 hufanywa na mnyororo wa viungo vinne. Pampu husukuma maji kutoka kwenye injini. Themostati hufungua njia maji yanapopata joto la kutosha. Mirija na mapezi ya rejeta huyapokea maji hayo na kulipeleka joto lake hewani. Feni, pamoja na mwendo wa gari, huivuta hewa ipite katikati ya mapezi. Kiungo kimoja kikilegea, mnyororo wote hulegea.

Kwa nini Tabora ni tofauti na Dar es Salaam

Tabora iko katika mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi kuliko ile ya pwani. Jambo hili lina matokeo mawili.

La kwanza, maji huchemka mapema. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja hivi. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam huchemka kwa nyuzi 96 Tabora. La pili, hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hupitisha hewa yenye uzito mdogo, na hewa yenye uzito mdogo huchukua joto dogo.

Ili kufidia upungufu wa kwanza, watengenezaji wa magari huweka kifuniko cha rejeta chenye springi. Kifuniko hiki hakiachii mvuke mpaka kanieneo ya ndani iizidi ile ya nje kwa kiasi maalumu. Kwa kila pauni moja kwa inchi ya mraba inayoongezeka, kiwango cha kuchemka hupanda kwa nyuzi moja na nusu au zaidi kidogo. Kifuniko cha pauni 9 huyafanya maji ya Tabora yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 110. Kifuniko chenye mpira uliokauka au springi iliyolegea huyarudisha kwenye nyuzi 96. Watu wengi hununua pampu mpya, kumbe ugonjwa umo katika kifuniko tu.

Lakini faida hiyo ndiyo chimbuko la hatari kubwa. Tuseme maji ya ndani yana nyuzi 105 na mtu akafungua kifuniko. Kanieneo hushuka mara moja, na maji hujikuta yamepita kiwango chake cha kuchemka kwa nyuzi 9. Kwa lita 10 za maji, joto hilo la ziada latosha kugeuza gramu 160 hivi kuwa mvuke. Gramu 160 za mvuke hujaza nafasi ya lita 300 hivi. Lita 300 za mvuke, pamoja na maji ya moto yanayosukumwa nao, hutoka katika tundu lisilozidi upana wa kikombe, mbele ya uso wa mtu aliyeinama. Hakuna tambara wala glavu inayoweza kumkinga.

Kisa cha gari la shule

Mwaka 2011 niliombwa kulitazama gari la shule moja ya sekondari karibu na Tabora. Lilikuwa Land Rover la miaka ya 1970, nalo ndilo gari pekee la shule. Lilibeba mahindi na kuni, na usiku lilibeba wanafunzi wagonjwa kwenda hospitalini. Lilikuwa limechemka mara nyingi sana hata ikapendekezwa liuzwe kama chuma chakavu. Dereva wake, mzee aliyekuwa amelitunza kwa miaka mingi, alikuwa na kovu kubwa kutoka kiwiko mpaka kiganja. Nilipomwuliza, alinijibu kwa ufupi: "Kifuniko, Mwalimu. Nilikuwa na haraka."

Pampu ilikuwa imebadilishwa mara mbili. Nami nilipoisikia habari ya gari, niliamua papo hapo kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, nikaagiza mpya. Nilikuwa nimesoma nchi za ng'ambo, na nilidhani kwamba elimu yangu yanitosha kutoa hukumu kabla ya kupima. Tulifungua hedi kwa siku mbili. Gasketi ilikuwa nzima kabisa. Tuliifunga tena, na safari ya kwanza gari likachemka vile vile.

Hapo mzee alisema neno ambalo ningepaswa kumwuliza tangu mwanzo. "Mwalimu, gari hili likienda Itigi halichemki. Huchemka likirudi. Mgunda Mkali hauna kinyongo na anayekwenda. Una kinyongo na anayerudi."

Tulicheka, lakini usemi huo ulikuwa data. Niliwaomba wanafunzi wa kidato cha tatu watengeneze daftari. Kwa majuma mawili, kila safari ilipofanyika, mmoja wao aliandika saa, mwelekeo, mwendo wa gari, mzigo, na usomaji wa geji kila baada ya dakika kumi. Tulipozipanga tarakimu, tuliona mambo matatu. Kwanza, mzigo haukuleta tofauti kubwa. Pili, gari halikuchemka hata mara moja likienda kasi. Tatu, lilichemka katika mwendo mdogo, na karibu kila mara likielekea magharibi.

Msichana mmoja ndiye aliyetoa jibu. Alikumbusha kwamba wakati wa kiangazi upepo wa Tabora huvuma hasa kutoka upande wa mashariki. Gari linalokwenda mashariki kwa kilometa 20 kwa saa, likakutana na upepo wa kilometa 15, hupata hewa ya kilometa 35 kwa saa usoni pake. Likirudi magharibi kwa mwendo ule ule, upepo hulifuata nyuma, na rejeta hupata kilometa 5 tu. Tofauti ni mara saba!

Kwa hiyo kosa halikuwa katika maji, bali katika hewa. Rejeta yenye afya haihitaji upepo wa nje ili kufanya kazi katika mwendo mdogo. Hiyo ni kazi ya feni. Tukatazama upya. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea, na upande wake wa ndani ulikuwa unang'aa kwa kuteleza. Bamba linaloizunguka feni, ambalo huilazimisha hewa ipite katika rejeta badala ya kuzunguka pembeni, halikuwapo. Liliondolewa katika matengenezo fulani na halikurudishwa. Na tulipomulika tochi upande wa nyuma wa rejeta, mwanga haukupita: mapezi yalikuwa yamejaa mbegu za nyasi, mabawa ya kumbikumbi na udongo uliokauka.

Tuliisafisha rejeta kwa maji, tukiyapitisha kutoka nyuma kwenda mbele. Tulikaza mkanda, na bamba tukalitengeneza kwa bati. Tukagundua pia kwamba themostati ilikuwa imetolewa na kutupwa, kwa imani iliyoenea kwamba nchi za joto haziihitaji. Hili ni kosa. Katika baadhi ya injini, ikiwamo hii, themostati inapofunguka njia ya rejeta huziba papo hapo njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta kabisa. Tuliweka mpya.

Gari liliacha kuchemka, nalo halikuuzwa. Hata hivyo, katika mchana wa joto kali wa mwezi wa Oktoba, mshale bado ulipanda kuliko ilivyostahili. Sababu ya mwisho ilikuwa ndani ya mirija.

Ukoga wa chokaa

Maji ya visima vingi huwa na kalisi haidrojeni kaboneti iliyoyeyuka. Maji hayo yakipashwa joto, chumvi hiyo huvunjika ikawa maji, hewa ya kaboni dayoksaidi, na kalisi kaboneti isiyoyeyuka. Ndiyo ile chokaa nyeupe ionekanayo ndani ya birika la chai. Katika injini hujenga ukoga juu ya kuta za silinda na ndani ya mirija ya rejeta. Ukoga hupitisha joto kwa shida: shaba hupitisha joto zaidi ya mara mia moja kuliko chokaa ya unene ule ule.

Kila gari linapochemka, dereva huongeza maji ya kisima, na kila nyongeza huleta chokaa mpya. Kwa hiyo gari linalochemka hujiongezea sababu ya kuchemka. Dawa ya kuzuia ni kutumia maji ya mvua yaliyokingwa katika bati safi, pamoja na dawa ya rejeta inayozuia kutu.

Kulisoma gari kwa dalili zake

Kutokana na kisa hiki, na vingine, twaweza kutoa mwongozo ufuatao.

1. Gari likichemka katika mwendo mdogo na kupoa likienda kasi, shaka hewa: mkanda, feni, bamba lake, na mapezi ya rejeta.

2. Likiwa salama katika mwendo mdogo lakini likachemka likienda kasi au likipanda mlima, shaka mzunguko wa maji: mirija iliyoziba, pampu iliyochakaa, au mpira wa chini wa rejeta unaonywea pampu inapovuta. Injini ikizimwa na kuachwa ipoe kiasi cha kugusika, pitisha kiganja juu ya uso wa rejeta. Sehemu iliyo baridi kuliko jirani zake ndiyo iliyoziba.

3. Likichemka dakika chache baada ya kuwashwa, huku mpira wa juu wa rejeta ungali baridi, shaka themostati iliyokwama ikiwa imefungwa.

4. Maji yakipungua bila kuonekana yanapovuja, na mapovu yakitoka katika rejeta tangu injini ikiwa bado baridi, au oili ikageuka rangi kama chai ya maziwa, hapo ndipo pa kushaka gasketi ya silinda hedi.

5. Maji yakimwagika nje ilhali geji haijapanda sana, shaka kifuniko.

6. Vyote hivyo vikiwa vizima, tazama nje ya mfumo wa maji: taimingi iliyochelewa, mchanganyiko wenye petroli kidogo mno, au breki zinazoshika bila kukanyagwa.

Anza daima na kile kinachopimwa bila kufungua kitu na bila gharama. Mkanda hukaguliwa kwa kidole. Silinda hedi hufunguliwa kwa siku mbili.

Likichemka njiani

Simama mahali salama na uligeuze gari litazame upepo. Ikiwa maji hayajamwagika, iache injini iunguruме kwa mwendo wa kati kwa dakika chache ili feni ifanye kazi. Ikiwa maji yamekwisha, zima mara moja. Usikiguse kifuniko. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza. Kisha funika kifuniko kwa tambara nene, geuza uso pembeni, ukilegeze mpaka kituo cha kwanza, na ungoje mvuke uishe kabla ya kukiondoa. Washa injini ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimwagwa ghafula katika injini ya moto hukifanya chuma kinywee upande mmoja tu, na silinda hedi hupasuka.

Majaribio kwa ajili ya shule

Jaribio la kwanza: chemsha maji safi katika sufuria na upime joto lake kwa kipimajoto kizuri. Linganisha matokeo na ya shule iliyo pwani, kisha kadiria mwinuko wa shule yenu.

Jaribio la pili: ining'inize themostati ya gari kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini. Pasha moto polepole, ukikoroga. Andika joto inapoanza kufunguka na inapofunguka kabisa, na ulinganishe na namba iliyopigwa juu yake.

Jaribio la tatu: chukua mikebe miwili iliyo sawa, ujaze maji ya moto, na ukipake kimoja tope la udongo unene wa nusu sentimeta, ukaache likauke kwanza. Chora grafu ya kupoa kwa kila kimoja mbele ya feni. Je, tope limezuia joto, au limelisaidia kutoka? Eleza sababu, na useme ni kwa nini mapezi ya rejeta yaliyojaa udongo ni jambo tofauti.

Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba daftari lile la majuma mawili liligharimu kalamu moja tu. Gasketi niliyoiagiza kwa kujiamini ilibaki kabatini mwa shule, na nilimwomba mkuu wa shule aiache huko.